Kalamu au Karamu? Namna ya Kuchagua Neno Katika Mazungumzo ya Kila Siku

Tofauti kati ya kalamu na karamu ni herufi moja tu. Lakini ya kwanza hununuliwa dukani kwa shilingi chache, na ya pili inaweza kumaliza mbuzi wawili na gunia zima la mchele. Mahali ni pale ulipoketi. Mahari ni ng'ombe wanaotoka zizini kwenda kwa wakwe. Kura hupigwa kituoni. Kula hufanywa mezani, ingawa wako waheshimiwa waliochanganya mambo haya mawili miaka nenda miaka rudi!

Maneno ya namna hii tunakutana nayo kila siku hapa Kitale: stejini, sokoni, bwenini na hata paredi ya asubuhi. Anayekosea huchekwa. Kicheko kikiisha kila mtu hushika njia yake, na kosa hubaki palepale. Makala haya yana shabaha moja: kuonyesha kwamba kila mkanganyiko wa maneno una chanzo chake, na kwamba anayekijua chanzo anaweza kuchagua neno lifaalo bila kungoja kuchekwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi naongeza kwamba anayejua jiwe liko wapi hajikwai mara mbili.

VITATE, VITAWE NA VISAWE

Kwanza tuwekane sawa. Walimu wetu hutufundisha majina matatu ambayo yenyewe yanakaribiana kiasi cha kutatanisha. Visawe ni maneno tofauti yenye maana moja au zinazokaribiana, kama vile subiri na ngoja. Vitawe ni neno moja lenye maana zaidi ya moja: paa la nyumba, paa wa porini, na kupaa angani. Vitate ni maneno yanayokaribiana kwa matamshi lakini maana zake ni mbalimbali, kama kalamu na karamu.

Visawe havileti ugomvi mkubwa. Ukisema ngoja badala ya subiri, mwenzako atasimama tu. Vitawe navyo huokolewa na sentensi: hakuna atakayedhani kwamba fundi amepanda juu ya paa wa porini kupigilia mabati. Vitate ndivyo adui mwenyewe, kwa sababu msikilizaji husikia neno kamili lenye maana kamili, ila silo ulilokusudia. Humo ndimo mitihani huokota maswali yake, na humo ndimo mapatano ya watu huharibika.

KWA NINI HASA HAPA KWETU?

Trans Nzoia ni kaunti ya wahamiaji na wenyeji waliochanganyika. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya ardhi hii ilitwaliwa na walowezi, na vibarua wakaja kutoka pande nyingi kufanya kazi katika mashamba yao. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yaligawanywa, na familia nyingine zikaja kununua ardhi na kukaa. Leo ukishuka stejini utawasikia Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wanandi, Wakikuyu, Wakisii, Wateso na Waluo. Ukiteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma, Lubukusu ndilo linalotawala, lakini sokoni Chwele utawakuta wafanyabiashara kutoka kila upande.

Watu hawa wote wakikutana, Kiswahili ndicho daraja lao. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye mtihani, na Katiba ya 2010 ikakifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini wengi wetu hatukukinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Tumekijia tukiwa na sauti za nyumbani mdomoni.

ULIMI NA SAUTI ZA NYUMBANI

Chukua Lubukusu. Katika lugha hii sauti nzito kama d, g na j hazisimami peke yake. Huja tu zikiwa zimetanguliwa na n. Sikiliza: omundu ni mtu, engokho ni kuku, enju ni nyumba. B nzito nayo huhitaji m, kama katika embwa, yaani mbwa. Ile b inayosikika katika Babukusu ni laini. Midomo inakaribiana bila kufungika. Basi Mbukusu akikutana na neno la Kiswahili lenye b, d, g au j isiyokuwa na m wala n mbele yake, ulimi wake hukimbilia sauti iliyo karibu: p, t, k au ch. Hivyo bata huwa pata, doa huwa toa, goti huwa koti, na jana huwa chana. Lubukusu pia halina v wala z, kwa hiyo vaa huwa faa, zaa huwa saa, na kiazi huwa kiasi. Muulize mama sokoni "kiasi gani?" naye akuonyeshe viazi, nyote wawili mtakuwa mmesikia sawasawa!

Lugha za Kikalenjin, ambazo ndani yake mna Kinandi, Kisabaot na Kipokot, nazo hazitumii tofauti ya p na b, t na d, au k na g kutenganisha maana za maneno. Msemaji anaweza kuzitoa sauti zote mbili bila kujua kwamba amezibadilisha. Kikuyu hakina l, ndiyo maana kalamu hugeuka karamu na kula hugeuka kura. Kijaluo hakina sh, na shamba hugeuka samba. Orodha ni ndefu, na hakuna kabila lililosalimika.

Hata Pwani, tunakodhani kila mtu alizaliwa na kamusi mkononi, mambo ni hayohayo. Mtu wa Mombasa anayezungumza Kimvita huita njia ndia, na njaa huiita ndaa. Akitaka uje husema "ndoo!" Sisi wa bara tunaweza kumletea ndoo ya maji. Je, amekosea? La hasha. Hiyo ni lahaja yake. Kiswahili tunachosoma darasani kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, iliyochaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Usanifu basi ni mapatano ya kutuwezesha kuelewana, wala si cheti cha akili.

Sasa, dawa ni nini? Dawa ya sauti ni mazoezi, na mazoezi huanza kooni. Weka vidole viwili kwenye koo lako. Tamka ssss kwa muda mrefu, kisha zzzz. Katika sauti ya pili utahisi mtetemo. Huo mtetemo ndio mwalimu anaouita ghuna. Rudia kwa ffff na vvvv. Ukishauzoea, nenda kwa p na b, t na d, k na g, ch na j. Tofauti ni ileile.

Kwa Mbukusu kuna njia ya mkato. Usiseme kwamba huwezi kutamka b nzito. Unaitamka kila unapomwita mbwa. Sema embwa, sikia midomo inavyofungana, kisha jaribu kuiondoa m polepole mpaka ubaki na b. Fanya hivyo kwa nd, nj na ng. Sauti unazo tayari. Unazifundisha tu kutembea bila kusindikizwa.

NANI ANATOA, NANI ANAPOKEA?

Mkanganyiko wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu hauchekeshi. Sauti hutamkwa barabara, neno ni la Kiswahili safi, lakini anayetoa na anayepokea wamebadilishana viti. Hebu sikiliza mazungumzo haya, ya aina unayoweza kuyasikia hapa kila mwaka kabla ya mvua za Machi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba kijana. Habari ya nyumbani?"
"Njema tu. Nasikia uko na shamba huko Kwanza."
"Eeh, mwaka huu nimekodisha ekari mbili."
"Aa, basi mzee, hata wewe unatafuta ya kulima. Wacha niulize kwingine."

Kijana ameondoka. Mzee ameshangaa. Yeye alikuwa na maana kwamba ametoa ekari mbili kwa mpangaji, na huenda alikuwa na nyingine za kumpa huyu. Kijana alielewa kwamba mzee amezichukua kwa mtu mwingine ili alime. Nani amekosea? Kwa sarufi, mzee yuko sawa. Kukodi ni kuchukua kitu cha mtu ukitumie kwa malipo. Kukodisha ni kumpa mtu kitu chako akitumie kwa malipo. Lakini kwetu wengi wamezoea kusema "nimekodisha gari" wakiwa na maana kwamba wao ndio abiria. Neno moja limebeba pande mbili, na msikilizaji anabaki kubahatisha.

Ukiwa unazungumzia gari la kwenda harusini, kubahatisha si hoja. Ukiwa unazungumzia shamba la mahindi, ni hoja kubwa. Kwenye karatasi ya mapatano, "mimi nimekodisha ekari mbili" inaweza kumfanya mwenye shamba aonekane mpangaji na mpangaji aonekane mwenye shamba. Mvua ikinyesha vizuri na bei ya gunia ikipanda, sentensi hiyo itasomwa upya na watu wasiopendana tena.

Kanuni ni rahisi. Kiambishi cha -sha mwishoni mwa kitenzi aghalabu humaanisha kumfanya mwingine atende. Anayekodi hutumia, anayekodisha humfanya mwingine atumie. Anayepanga nyumba hukaa humo. Anayepangisha hupokea kodi. Anayekopa hurudi nyumbani na deni. Anayekopesha hurudi nyumbani na wasiwasi. Kabla ya kusema, jiulize: kitu kinatoka kwa nani, kinaenda kwa nani? Jibu litakupa kitenzi.

Kuna pia kukopa na kuazima. Wengi huyatumia kana kwamba ni visawe, lakini yanatofautiana kwa njia nzuri sana. Ukiazima kitu utarudisha kilekile. Ukikopa utarudisha mfano wake au thamani yake. Jembe huazimwa, kwa sababu jioni jembe lilelile litarudi, hata kama na udongo. Unga hukopwa, kwa sababu gorogoro uliyochukua Jumatatu imekwisha kuwa ugali, na utakayorudisha Ijumaa ni nyingine. Pesa hukopwa. Kitabu huazimwa. Jirani akikuambia "niazime sukari," unaweza kumpa huku ukitabasamu, maana ukitaka irudi ileile itabidi usubiri sana!

MANENO MAKUBWA YA MIKUTANONI

Kundi la tatu ni la maneno tunayoyapenda kwa sababu ya uzito wake. Tunayasikia katika taarifa ya habari, katika mabaraza na katika hotuba za siku ya wazazi, kisha tunayavaa kama koti la kuazima: yanametameta lakini hayatutoshi mabegani.

Angalia dhamini na thamini. Kudhamini ni kusimama kwa ajili ya mtu, kwamba asipolipa utalipa wewe. Kuthamini ni kuona kitu kuwa na maana, au kukadiria bei yake. Mdhamini ni yule anayetia sahihi kwenye fomu ya mkopo wa ushirika. Mthamini ni yule anayekuja kutazama kiwanja na kusema ni cha shilingi ngapi. Mtu akikuambia "mimi nakuthamini sana," shukuru, maana huo ni urafiki. Akikuambia "nidhamini," soma fomu yote kabla ya kushika kalamu.

Sauti hizi mbili, th na dh, hutamkwa mahali pamoja, ncha ya ulimi ikiwa katikati ya meno. Tofauti ni ule mtetemo wa kooni: thelathini haina, dhahabu inao. Asiyekuwa na sauti hizi hukimbilia s na z, akasema samini na zamini. Hapo hata shahidi hatajua ulitoa heshima au ulitoa mali.

Wengine ni wakilisha na wasilisha. Kuwakilisha ni kusimama badala ya watu: kiranja anawawakilisha wanafunzi. Kuwasilisha ni kufikisha kitu au kukileta mbele ya watu: mwekahazina anawasilisha ripoti. Ripoti haiwakilishwi, isipokuwa kama imeugua na imemtuma ndugu yake. Vilevile matukio na matokeo. Matukio ni mambo yaliyotukia. Matokeo ni yale yaliyotokana na jambo fulani. Kuchelewa kwa basi ni tukio; kukosa mtihani ndiyo matokeo yake. Halafu kuna haja na hoja. Haja ni hitaji, hoja ni neno la kujengea msimamo. Katika mdahalo mtu anaweza kuwa na haja kubwa ya kushinda bila hoja hata moja!

Kwa maneno ya kundi hili, dawa ni kuyafuata hadi kwenye mzizi. Wakilisha ina ndugu yake wakili. Matukio yanatokana na tukia. Mdhamini ana ndugu yake dhamana. Ukishalijua neno kwa ukoo wake hutalichanganya na la jirani.

KIINGEREZA NACHO HAKIJASALIMIKA

Kuna mkanganyiko wa nne, nao huvuka mpaka wa lugha. Katika shule nyingi hapa nchini utasikia mwanafunzi akimwambia mwenzake, "Borrow me your pen." Mwalimu wa Kiingereza hushika kichwa. Kwa Kiingereza, "borrow" hutendwa na anayechukua, na "lend" hutendwa na anayetoa, kwa hiyo alipaswa kusema "lend me." Lakini mwanafunzi huyu hakuota tu kosa hili. Kiswahili kinamruhusu kusema "naazima kalamu kwako" na pia "niazime kalamu yako." Kitenzi ni kilekile, na viambishi ndivyo vinavyoonyesha nani anatoa. Amechukua kitenzi kimoja cha Kiswahili akakivisha nguo ya Kiingereza, naye hakujua kwamba upande ule wa mto vinahitajika viwili.

Ni vivyo hivyo kwa "he" na "she." Kiswahili kina yeye tu, awe baba awe mama, na lugha nyingi za nyumbani hapa kwetu nazo hazitengi mume na mke katika neno hilo. Ndiyo maana mtu anaweza kumsimulia shangazi yake kwa "he" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wasikilizaji wake Wakenya wasipotee hata kidogo. Tena Kiswahili husikia kila kitu: nasikia sauti, nasikia baridi, nasikia harufu, nasikia njaa. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kati ya maneno kadhaa: sauti ina lake, baridi ina lake, harufu ina lake.

Wakati mwingine, hata hivyo, Kiswahili ndicho chenye maneno mawili, na Kiingereza kikabaki na moja. Mfano bora ni pole na samahani. Pole ni kushiriki katika taabu ya mwenzako. Si kukiri kosa. Unampa pole aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka safari ndefu, hata anayelima juani. Samahani ni kuomba msamaha kwa ulilotenda, au kuomba nafasi ya kumsumbua mtu kidogo. Kiingereza huyabeba yote mawili ndani ya "sorry." Kwa hiyo Mkenya akimwambia mgeni "sorry" kwa sababu mgeni ameteleza kwenye matope, mgeni hushangaa: mbona unaomba radhi, kwani umenisukuma?

Jambo hili si la wageni peke yao. Siku hizi nasi tunaanza kusema pole pale panapotakiwa samahani. Mtu anakukanyaga ndani ya matatu, anasema "pole" na kuendelea kutafuta kiti. Kumbe amekuhurumia tu kwa kukanyagwa, kana kwamba aliyekukanyaga ni mwingine! Kwa adabu yetu, aliyekosa huanza na samahani, kisha pole ikafuata.

MTAANI NA KARATASINI

Huenda ukauliza: je, nikizungumza na wenzangu nilazimike kunena kama kitabu? Hapana. Mtaani tunasema "mwalimu ako wapi?" na karatasini tunaandika "mwalimu yuko wapi?" Mtaani tunasema "niko na swali," karatasini "nina swali." Mtaani "kuja hapa," karatasini "njoo hapa." Hakuna anayepotea njia kwa sababu ya hayo. Kosa ni kutojua kwamba ziko njia mbili, kisha kuingia na ya mtaani katika chumba cha mtihani, au na ya mtihani katika kibanda cha chai mpaka muuza chai akakuuliza kama wewe ni mtangazaji.

Kwa maoni yangu, makosa hayalingani uzito. "Ako" badala ya "yuko" halimdhuru mtu. "Karamu" badala ya "kalamu" huchekesha, na sentensi husaidia kueleweka. Lakini "kukodisha" badala ya "kukodi," au "kudhamini" badala ya "kuthamini," huweza kumpokonya mtu shamba au akiba. Anayetaka kujirekebisha basi aanzie penye hasara kubwa, si penye kicheko kikubwa. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunamvamia aliyesema "pata" akimaanisha bata, na tunamwacha aliyeandika mapatano yasiyoeleweka.

MAMBO MATANO YA KUKUMBUKA

Kwa ufupi, unapokuwa na shaka kati ya maneno mawili, fanya haya:

1. Jiulize nani anatoa na nani anapokea. Kodi au kodisha, kopa au kopesha, panga au pangisha: jibu litatoka hapo.

2. Gusa koo. Kama tofauti ni ya s na z, f na v, au th na dh, mtetemo utakuambia.

3. Tafuta ndugu wa neno. Wakilisha na wakili, thamini na thamani, dhamini na dhamana.

4. Litie neno katika sentensi ndefu kidogo. Badala ya "nimekodisha," sema "nimemkodishia jirani ekari mbili za shamba langu." Sentensi ya namna hiyo haina mlango wa nyuma.

5. Uliza. "Mzee, una maana umetoa au umechukua?" Swali hilo lina maneno sita tu. Kuuliza si ujinga, na kamusi ya maktaba haiumi.

NENO LA MWISHO KUHUSU KICHEKO

Nimesema mwanzoni kwamba anayekosea huchekwa. Kicheko cha marafiki si dhambi, na Kiswahili chenyewe kinapenda utani. Lakini kuna kicheko kingine, kinachomwambia mtu: wewe ni wa kabila fulani, ulimi wako umekusaliti. Anayechekwa hivyo darasani huacha kuinua mkono. Anayechekwa hivyo kwenye mkutano huacha kusema, hata akiwa na hoja nzito kuliko za wote. Kaunti yetu iliona mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008. Tunajua, kuliko wengi, kwamba si salama watu kuanza kusikilizana matamshi ili wajue nani ni wa wapi.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, ukimsikia mtu akisema "tawa" badala ya dawa, kumbuka kwamba yeye ana lugha mbili au tatu kichwani, na kwamba moja imemkanyaga nyingine mguu kidogo. Mwambie neno lenyewe taratibu, naye akuambie lako kesho. Nanyi walimu wetu, tunaomba mtupe dakika tano za kugusa koo kabla ya kutupa alama. Kwa njia hiyo Chama cha Kiswahili kitakuwa mahali pa kila mtu, na mahali hapo hapahitaji mahari!

Kiswahili kitukuzwe.